Mwamba, Njia na Haki ya Kupanda: Historia ya Mlima wa Yr Wyddfa, Kaskazini mwa Welisi

1. Utangulizi

Mlima wa Yr Wyddfa, ambao kwa Kiingereza huitwa Snowdon, ndio mrefu kuliko yote nchini Welisi. Kilele chake kimo mita 1,085 juu ya usawa wa bahari, katika eneo la Eryri, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Jina la Kiingereza lina asili ya maneno ya kale yenye maana ya kilima cha theluji. Jina la Kiwelisi humaanisha kaburi au tuta la kaburi, na masimulizi ya wenyeji hulihusisha na jitu Rhita Gawr, aliyeuawa na Mfalme Arthur na kufunikwa kwa mawe kileleni. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu laki tano wamekuwa wakiupanda mlima huu kwa miguu kila mwaka, mbali na wale wanaofikishwa juu kwa treni.

Historia ya burudani hiyo husimuliwa kwa kawaida kama historia ya wageni. Wataalamu wa mimea, washairi, wanajiolojia na wapanda miamba kutoka Uingereza huelezwa kuwa ndio waliougundua mlima, nao wenyeji hubaki pembeni wakiwa wachungaji na wachimbaji wasio na habari na uzuri wake. Insha hii inauhoji usimulizi huo kwa kutumia ushahidi wa aina mbili, yaani mwamba wenyewe na njia zilizochongwa juu yake. Hoja inayojengwa ni kwamba Yr Wyddfa ya starehe ilirithi mpangilio wake kutoka Yr Wyddfa ya kazi. Mwamba uliamua mahali pa kupatikana shaba na sleti. Shaba na sleti ziliamua mahali pa kupitisha barabara za wafanyakazi. Na barabara hizo, pamoja na ujuzi wa watu waliozitumia, ndizo zilizomfikisha mgeni kileleni. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, swali la nani mwenye haki juu ya mlima haliwezi kujibiwa kwa kutazama orodha ya wapandaji mashuhuri pekee.

2. Mwamba uliozaliwa baharini

Miamba ya Yr Wyddfa iliundwa kwa sehemu kubwa katika kipindi cha Ordovisi, takriban miaka milioni 450 iliyopita. Wakati huo eneo la Welisi ya kaskazini lilikuwa chini ya bahari isiyo na kina kirefu, na volkano zake zililipuka mara kwa mara. Milipuko mikubwa ilitoa majivu na vipande vya mawe ya moto vilivyorundikana kwa unene wa mamia ya mita, kisha vikashikamana na kuwa mwamba mgumu. Baadhi ya majivu yalitua majini na kuchanganyika na mchanga na tope la sakafu ya bahari. Ndiyo sababu visukuku vya kombe wa baharini hupatikana katika miamba ya karibu na kilele, juu kabisa ya nchi ambayo leo iko mbali na mawimbi.

Tukio la pili lilifuata takriban miaka milioni 400 iliyopita, pale mabamba ya ganda la dunia yaliposukumana. Tabaka zilizokuwa zimelala zilikunjwa. Kilele cha Yr Wyddfa kimo katika mkunjo ulioinama chini kama kitanda cha kamba kilicholegea, na mwamba ulioshinikizwa katikati ya mkunjo huo ulistahimili mmomonyoko kuliko ule wa pembeni. Hivyo sehemu iliyokuwa chini katika mkunjo ndiyo iliyosalia juu katika sura ya nchi. Mgandamizo huohuo uligeuza matope laini ya zamani kuwa sleti, yaani mwamba unaopasuka kwa urahisi kuwa vibao vyembamba vinavyofaa kuezekea nyumba. Sleti bora ya upande wa Llanberis ni ya kipindi cha Kambri, kilichotangulia Ordovisi. Aidha, maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba ya volkano yaliacha mishipa ya madini ya shaba, hasa katika upande wa mashariki wa mlima.

Tukio la tatu ni la karibu zaidi. Katika enzi ya barafu, barafuto zilijaza mabonde na kukwangua ubavu wa mlima hadi zikachimba mabonde yenye umbo la bakuli. Katika upande wa mashariki, bakuli moja lina ziwa la Glaslyn na lililo chini yake lina ziwa la Llydaw. Pale mabakuli mawili yalipochimbwa kwa kupeana mgongo, kilichobaki katikati ni ukingo mwembamba kama wa kisu, mfano wake ukiwa Crib Goch wenye kimo cha mita 923. Upande wa kaskazini-magharibi, kinyume chake, mgongo wa mlima unaoshuka kuelekea Llanberis uliachwa mpana na wenye mteremko wa wastani. Tofauti hii ya pande mbili ni ya msingi kwa kila kitakachoelezwa baadaye: mashariki kulikuwa na shaba na maporomoko, kaskazini-magharibi kulikuwa na mteremko ambao farasi, na baadaye treni, wangeweza kuumudu.

3. Elimu ya miamba na majina yake

Welisi ina nafasi ya pekee katika historia ya jiolojia kwa sababu vipindi vitatu vya historia ya dunia vilipewa majina yanayotokana nayo. Adam Sedgwick wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilitumia jina la Kambri mwaka 1835, akilitoa katika Cambria, jina la Kilatini la Welisi. Roderick Murchison alikiita kipindi kilichofuata Siluri, kwa jina la kabila la kale la kusini mwa nchi. Wataalamu hao wawili waligombana kwa miaka mingi kuhusu mpaka kati ya vipindi vyao, na mgogoro uliendelea hata baada ya wote wawili kufariki. Mwaka 1879 Charles Lapworth alipendekeza kwamba tabaka zilizogombewa ziwe kipindi kinachojitegemea, akakiita Ordovisi kwa jina la Ordovices, kabila lililoishi kaskazini mwa Welisi wakati wa Warumi.

Charles Darwin naye alifika katika eneo hilo. Mwezi Agosti 1831, miezi michache kabla ya safari yake katika meli ya Beagle, aliandamana na Sedgwick kujifunza kazi ya jiolojia. Walilichunguza bonde la Cwm Idwal, lililo kaskazini ya Yr Wyddfa, bila kuzitambua alama za barafuto zilizokuwa mbele ya macho yao. Darwin alirudi mwaka 1842, baada ya nadharia ya enzi ya barafu kuenezwa, akaziandikia makala alama hizohizo. Andrew Ramsay aliupanua uchunguzi huo katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu barafuto za kale za Uswisi na Welisi ya kaskazini.

Katika habari hizi kuna jambo linalohusu hoja ya insha. Jina la kabila la kale la Welisi linatumika leo katika kila nchi inayofundisha jiolojia, ilhali wachimbaji wa karne ya 19, waliozijua tabaka hizo kwa mikono yao, hawana nafasi katika masimulizi ya ugunduzi. Mchimbaji wa sleti alilazimika kujua mwamba unapasuka kwa uelekeo gani, wapi ubora wake unapungua na wapi mshipa unakatika. Huo ulikuwa ujuzi wa jiolojia uliorithishwa kwa Kiwelisi kazini. Haukuandikwa katika majarida ya vyama vya wataalamu, na kwa hiyo haukuhesabiwa.

4. Wapandaji wa mwanzo na waliowaongoza

Upandaji wa Yr Wyddfa wa kwanza kuwekwa katika kumbukumbu za maandishi ni wa mwaka 1639, pale mtaalamu wa mimea Thomas Johnson alipofika mlimani kutafuta mitishamba. Mwishoni mwa karne hiyo Edward Lhuyd, msomi wa Kiwelisi aliyefanya kazi Oxford, aliitambua yungiyungi ndogo nyeupe inayoota katika nyufa za majabali. Mmea huo ni masalio ya enzi ya barafu. Nchini Britania hupatikana katika majabali machache ya Eryri tu, na kwa muda mrefu jina lake la kisayansi lilimkumbuka Lhuyd.

Mimea ndiyo iliyosababisha pia upandaji wa jabali unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuandikwa nchini Britania. Mwaka 1798 William Bingley, mwanafunzi kutoka Uingereza, alipanda sehemu ya jabali kuu la Clogwyn Du'r Arddu akitafuta mimea adimu. Hakuwa peke yake. Aliyekuwa naye alikuwa Peter Bailey Williams, kasisi wa Kiwelisi wa parokia za Llanrug na Llanberis. Tukio hilo ambalo historia ya mchezo wa kupanda miamba hulitumia kama mwanzo wake lilikuwa basi la watu wawili, mgeni na mwenyeji.

Hali hiyo inajirudia katika fasihi. Mshairi William Wordsworth alipanda mlima usiku, mwaka 1791, ili kulitazama jua likichomoza, akiwa na rafiki yake Mwelisi Robert Jones. Safari hiyo imo katika sehemu ya mwisho ya utenzi wake The Prelude, uliochapishwa mwaka 1850. Mchungaji aliyewaongoza katika ukungu anatajwa humo kwa kazi yake tu. George Borrow, aliyepanda mwaka 1854 kutoka Llanberis na kuichapisha safari yake mwaka 1862, alikuwa tofauti kwa kuwa alijifunza Kiwelisi na kuzungumza na watu aliokutana nao njiani. Kufikia wakati wake uongozaji wa wageni ulikuwa kazi inayojulikana: waongozaji walikodishwa, farasi wadogo walipandisha wageni kutoka Llanberis, na kileleni palikuwa na vibanda vya kuuzia vinywaji. Mlima ulikwisha kuwa mahali pa kuchumia riziki kabla ya vyama vya wapanda milima kuanzishwa.

5. Njia zilizochongwa na wachimbaji

Njia kuu za kufikia kilele leo ni sita. Zikitazamwa kwa asili yake, haziwezi kutenganishwa na machimbo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Njia ya Wachimbaji, inayoanzia Pen-y-Pass upande wa mashariki. Shaba ilichimbwa kando ya ziwa la Glaslyn kwa zaidi ya karne moja. Hapo awali hapakuwa na barabara ya kuishusha bondeni. Wachimbaji waliyabeba mawe yenye madini kupanda hadi Bwlch Glas, upenyo ulio karibu na kilele, kisha wakayaburuta kwa sleji kushuka upande wa pili wa mlima. Ili kuiondoa adha hiyo, barabara ilijengwa kutoka Pen-y-Pass, na mwaka 1853 maji ya ziwa la Llydaw yalipunguzwa na tuta la mawe likajengwa kulikatiza. Wafanyakazi waliishi wiki nzima katika mabweni kando ya ziwa dogo la Teyrn, na kuta zake zingalipo. Uchimbaji ulikoma mwaka 1916. Mtalii anayevuka tuta hilo leo anatembea juu ya suluhisho la tatizo la usafirishaji wa shaba. Ziwa la Llydaw nalo liliendelea kutumika: tangu mwaka 1906 maji yake yamekuwa yakishushwa kwa mabomba hadi kituo cha Cwm Dyli, kilichojengwa ili kuyapatia machimbo ya sleti umeme.

Upande wa kusini, Njia ya Watkin inafuata mantiki hiyohiyo. Sehemu yake ya chini ilikuwa barabara ya machimbo ya sleti ya Cwm Llan. Sir Edward Watkin, tajiri wa reli aliyekuwa na nyumba katika bonde hilo, aliiendeleza barabara hiyo kutoka machimboni hadi kileleni na kuitoa kwa matumizi ya umma mwaka 1892. Gharama na ukarimu vilikuwa vyake. Msingi ulikwisha kuwekwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote.

6. Hotuba ya mwaka 1892 na reli ya mwaka 1896

Ufunguzi wa njia hiyo ulifanyika tarehe 13 Septemba 1892. Aliyeifungua alikuwa William Gladstone, Waziri Mkuu wa Britania, akiwa na umri wa miaka 82. Alisimama juu ya jabali kubwa la Cwm Llan, ambalo hadi sasa lina jina lake, na kuuhutubia umati uliokusanyika bondeni. Pamoja na habari za njia, alizungumzia haki za Wawelisi na tatizo la ardhi: wapangaji wa mashamba walioishi kwa hofu ya kodi kubwa na ya kufukuzwa na wamiliki wakubwa. Mwaka uliofuata Tume ya Kifalme kuhusu Ardhi nchini Welisi iliundwa, ikatoa ripoti yake mwaka 1896. Haitoshi kusema kwamba hotuba moja ilizaa tume, kwa kuwa madai ya wakulima yalikuwa yamekomaa kwa miaka mingi. Lakini mahali pa hotuba pana maana. Siku ambayo mlima ulifunguliwa rasmi kwa watembezi ilikuwa pia siku ya kuulizwa hadharani ardhi ya Welisi ni ya nani, na waliokusanyika walilisikia swali hilo wakiwa mlimani penyewe.

Upande wa Llanberis jibu la swali hilo lilikuwa mikononi mwa familia ya Assheton-Smith, wamiliki wa eneo la Vaynol na wa machimbo makubwa ya sleti ya Dinorwic. Kwa miaka mingi wazo la kujenga reli ya kwenda kileleni lilikataliwa na mwenye ardhi. Msimamo huo ulibadilika baada ya kampuni ya reli ya upande wa Rhyd Ddu kukiita kituo chake Snowdon na kuanza kuwavuta watalii waliokuwa wakishukia Llanberis. Ujenzi ulianza mwezi Desemba 1894. Mgongo mpana wa kaskazini-magharibi uliiwezesha reli ya meno, yenye upana wa milimita 800, kupanda takriban kilomita 7.5 bila mahandaki.

Siku ya ufunguzi, tarehe 6 Aprili 1896, injini ya kwanza iliacha meno ya reli wakati wa kushuka, ikatumbukia bondeni. Mabehewa yalisimama kwa breki zake, ila abiria mmoja aliyeruka kwa hofu alijeruhiwa, akafa. Uchunguzi uliuhusisha mkasa huo na udongo uliokuwa ukititia baada ya ujenzi. Reli ilifunguliwa tena mwezi Aprili 1897, ikiwa imeongezewa vyuma vya kuishikilia injini relini na kupunguziwa mzigo. Mkasa huo unaonyesha kwamba mteremko uliofaa kwa reli haukuwa salama kwa sababu tu ulikuwa mpole. Tabia ya ardhi ya mlimani ilipaswa kujulikana, na ilijulikana kwa gharama ya uhai.

7. Karne ya 20 na mabadiliko ya wenye kupanda

Mwaka 1898 Klabu ya Wapanda Milima ilianzishwa, ikiwa na mizizi katika hoteli ya Pen-y-Gwryd iliyo chini ya mlima. Wanachama wake wa mwanzo walikuwa hasa wasomi na watu wenye nafasi. Jabali la Y Lliwedd ndilo lililowavutia zaidi, na kitabu cha kuwaongoza wapandaji wake kilitoka mwaka 1909. Hoteli hiyohiyo ilitumiwa kwa mazoezi na baadhi ya wapandaji wa msafara wa Everest wa mwaka 1953.

Sura ya mchezo ilibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Joe Brown na Don Whillans, vijana wa tabaka la wafanyakazi kutoka eneo la Manchester waliokuwa na ujuzi wa ufundi bomba, walifungua njia ngumu katika Clogwyn Du'r Arddu na majabali ya bonde la Llanberis katika miaka ya 1950. Mwamba wa volkano uliovunjika kwa mistari iliyonyooka uliwapa nyufa na kona walizozihitaji. Mchezo ulioanza kama burudani ya likizo za vyuo vikuu ukawa pia wa watu wa mishahara ya wiki.

Sheria nazo zilibadilika. Sheria ya Hifadhi za Taifa ya mwaka 1949 iliwezesha Eryri kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ilitoa haki ya kutembea kwa miguu katika maeneo mengi ya wazi ya milimani. Mwaka 1998, shamba la Hafod y Llan katika mteremko wa kusini lilipotangazwa kuuzwa, Shirika la National Trust lilichangisha fedha kwa umma na kulinunua, huku mwigizaji Anthony Hopkins, mzaliwa wa Welisi, akitoa pauni milioni moja. Ni shamba ambalo ndani yake limo jabali la Gladstone.

Haki hiyo imeleta mzigo wake. Nyayo za maelfu ya watu huondoa majani, mvua hubeba udongo, na njia hupanuka hadi zinapojengwa upya kwa mawe. Mbio za kimataifa za kupanda na kushuka mlima, zilizoanzishwa Llanberis mwaka 1976, reli, na jengo la kileleni la Hafod Eryri lililofunguliwa mwaka 2009 huleta kipato, lakini pia huleta msongamano. Wakati huohuo machimbo ya Dinorwic yalifungwa mwaka 1969, na vijiji vilivyotegemea sleti vikalazimika kutegemea wageni. Mwaka 2021 mandhari ya sleti ya kaskazini-magharibi mwa Welisi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwezi Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi iliamua kutumia majina ya Yr Wyddfa na Eryri hata katika maandishi yake ya Kiingereza.

8. Hitimisho

Ushahidi uliojadiliwa unaonyesha uhusiano wa hatua kwa hatua kati ya mwamba, kazi na burudani. Volkano na mikunjo ya kale iliweka shaba mashariki na kuumba sleti, barafuto zikaamua upande wa majabali na upande wa mteremko mpole, wachimbaji wakachonga njia kwa kufuata madini, watalii wakazirithi. Uhusiano huo haukuwa wa lazima katika kila hatua. Reli ilichelewa kwa uamuzi wa mwenye ardhi, na njia ya kusini ilifika kileleni kwa uamuzi wa tajiri mmoja. Hata hivyo, maamuzi hayo yalifanywa ndani ya mipaka iliyowekwa na mwamba na kwa kutegemea kazi iliyokwisha fanywa.

Kutokana na hayo, uamuzi wa mwaka 2022 kuhusu majina hauna budi kueleweka kwa upana zaidi ya suala la lugha. Kurudisha jina la mlima ni kukiri kwamba ulikuwa na wenyewe kabla ya kuwa na wageni. Lakini jina la kilele pekee halitoshi. Tuta la Llydaw, mabweni ya Teyrn na barabara ya Cwm Llan ni nyaraka za historia kama vilivyo vitabu vya wasafiri, na zinaharibika kwa mvua ileile inayoharibu njia. Utunzaji wa njia za Yr Wyddfa, ambao hadi sasa umezungumzwa zaidi kama suala la usalama na mazingira, ni pia utunzaji wa kumbukumbu ya watu waliozijenga.